Tunapiga Picha na Samaki wa Dubai, Wetu Hatuwajui Hata Jina

Kila Disemba picha ni ile ile. Msee amesimama mbele ya kioo kikubwa ndani ya Dubai Mall, mwanga wa buluu umempiga usoni, papa anakatiza nyuma ya kichwa chake, na chini ameandika "Mungu ni mwema." Mungu ni mwema kweli, sikatai. Lakini hebu muulize huyo msee yule samaki mnene aliyempita begani anaitwaje. Hajui. Mwambie ni chewa, na kwamba chewa wako kibao hapa kwetu kuanzia Vanga mpaka Kiunga. Atakuangalia kama unataka kumharibia likizo.

Sina beef na watu kwenda Dubai. Pesa ni yako, enda. Hilo tanki lao si mchezo: lita milioni 10 za maji ndani ya duka la nguo na viatu, na kioo chenye upana wa zaidi ya mita 32. Kinachoniuma ni kwamba Mkenya wa kawaida akitaka kumwona samaki wa Bahari Hindi uso kwa uso, njia rahisi anayoijua ni kukata tiketi ya ndege.

Kwa hivyo naongea wazi ili mtu asiniweke maneno mdomoni. Kenya inahitaji akwaria kubwa ya umma. Ijengwe Mombasa. Iwe ya viumbe wa bahari yetu pekee, majina yao yaandikwe kwa Kiswahili, na mtoto wa shule ya serikali aingie bure. Hadi siku hiyo ifike, hizi stori za uchumi wa buluu tunazolishwa tangu ule mkutano mkubwa wa Nairobi wa 2018 kwangu mimi ni hewa.

Nishasikia jibu la kwanza kabla hata hujaliandika. "Kwani bahari si iko? Si mtu aende tu Pirates bure?"

Sawa. Twende Pirates. Unafika, unaona nini? Maji. Ngamia. Watoto kwenye tyubu. Msee wa viazi karai. Mwenye makeke ataingia mpaka magotini, apige video tatu, atoke. Hapo umeona maji ya bahari. Wakaaji wa bahari hujawaona hata mmoja, labda kaa mdogo aliyekukimbia. Wenyewe wako chini, kwenye matumbawe, na kuwafikia kunataka mashua, miwani ya kuzamia, ada ya hifadhi, na kitu kimoja ambacho wengi wetu tuliokulia Nairobi hatuna: kujua kuogelea. Ongeza nauli. Kiti cha kawaida cha treni ya SGR kilipanda hadi shilingi 1,500 mwaka 2024. Kwenda na kurudi ni 3,000, na hapo hujala, hujalala, hujapanda mashua. Mwambie mzazi wa Kayole mwenye watoto watatu kwamba bahari ni ya bure, uone atakavyokuangalia.

Fanya jaribio hili na marafiki zako leo. Waambie wataje wanyama kumi wa porini wa Kenya. Sekunde ishirini wamemaliza. Sasa waambie wataje samaki kumi wa Kenya. Utapata tilapia, omena, mbuta, halafu kimya. Wote watatu ni wa maji ya ndani, na wote tunawajua kwa sababu wamepita kwenye sufuria. Hata sarafu mfukoni mwako zinakuambia. Zile mpya za 2018 zina twiga kwenye shilingi moja, kifaru kwenye tano, simba kwenye kumi, ndovu kwenye ishirini. Nchi ina pwani ya zaidi ya kilomita 500, na hakuna hata pezi moja kwenye chenji ya mathree.

Tumefundishwa kwamba Kenya inaishia pale nyasi zinapoishia. Safari za shule ni mbuga, ni twiga, ni mamba, ni mahali pa kuona nyani akinyakua chipsi. Ni poa, lakini ni nusu ya nchi.

Na hiyo nusu nyingine ina majina matamu ajabu. Kuna bunju, anayejijaza maji mpaka anakuwa mpira ukimtishia. Kuna mkunga, anayechungulia kutoka kwenye pango kama landlord mwisho wa mwezi. Kuna kiti cha pweza, ambaye watu wa bara tunamwita nyota kwa sababu hatukuwahi kuuliza jina lake. Kuna jongoo bahari, taa, tafi, changu, kolekole. Kuna nguva, ambaye amebaki nadra sana kwenye maji yetu, na ukimwona upande wa Lamu una bahati kuliko mshindi wa jackpot. Halafu kuna papa shilingi, samaki mkubwa kuliko wote duniani, mwenye madoadoa meupe mgongoni. Watu wa Pwani wanasema Mungu alimpenda sana akaamuru malaika wamrushie shilingi za fedha kutoka mbinguni, zikambaki mwilini. Hadithi kama hiyo tunayo, halafu mtoto wa Nairobi anamjua tu Nemo.

Unataka nyingine? Mwaka 1938, Afrika Kusini, alinaswa samaki anayeitwa silakanti. Wanasayansi walikuwa wakiamini jamii yake iliisha zamani za dinosaria. Dunia nzima ilishtuka. Sasa sikia: mwaka 2001 silakanti mwingine alinaswa kwenye bahari ya Malindi. Malindi yetu! Ni wangapi hapa mliwahi kusikia hiyo darasani?

Sasa twende Afrika Kusini wenyewe, maana najua kuna watu wanaamini akwaria ni mambo ya Waarabu na Wazungu.

Cape Town, pale V&A Waterfront, kuna Two Oceans Aquarium. Ilifunguliwa 1995. Mkenya siku hizi haitaji viza kwenda huko kwa ziara ya chini ya siku 90, na nilipopata kazi ya kupiga video kule sikuondoka kabla ya kuingia. Kilichonigonga hakikuwa ukubwa. Dubai inawashinda kwa ukubwa. Kilichonigonga ni kwamba karibu kila unachokiona ni cha kwao. Wana tanki la msitu wa kelpu, ule mwani mrefu unaosimama kama miti, na maji yanasukumwa kwa mashine ili mwani uyumbe kama ulivyo baharini. Kama uliona ile filamu ya My Octopus Teacher iliyoshinda Oscar 2021, ni mwani wa aina hiyo, wa pwani hiyo hiyo. Kisha kuna katanki kadogo ka farasi wa bahari wa Knysna, kiumbe mdogo anayepatikana tu kwenye milango ya mito michache ya kusini mwa nchi yao. Mtu mwingine angemwona hana maana. Wao wamemwekea kioo, taa na maelezo.

Nilisimama pale nikiwatazama watoto wa shule wakiwa kwenye foleni na sare zao, mwalimu akiwaambia hawa ni wenu, mnaishi nao. Hiyo sentensi, "hawa ni wenu," sijawahi kuisikia Kenya mtu akimwambia mtoto kuhusu samaki. Ndovu ni wetu, simba ni wetu. Samaki ni wa kukaanga.

Na hawawafungii tu. Wana kazi ya kuokoa kasa. Vifaranga vya kasa huanguliwa upande wa mashariki kwenye joto, mkondo wa bahari unawabeba mpaka kusini kwenye maji baridi, wanachoka, wanatupwa ufukweni. Akwaria inawapokea, inawatibu, inawarudisha. Kasa wao maarufu zaidi, Yoshi, aliletwa na meli ya uvuvi mwaka 1997 akiwa mdogo. Alikaa pale miaka 20. Disemba 2017 wakamwachilia akiwa na kifaa cha setilaiti mgongoni, na akaogelea kama kilomita 37,000 mpaka Australia. Miaka 20 ya kuishi kwenye tanki, na bado alikumbuka njia. Watu wa Cape Town walifuatilia safari yake kama vile sisi tunavyofuatilia Kipchoge.

Mfano wa pili uko mbali zaidi, lakini una somo. Monterey, California, ulikuwa mji wa dagaa. Viwanda vya kusindika dagaa vilijaa ufukweni, watu wakavua na kuvua, na kufikia miaka ya 1950 dagaa walikuwa wameisha. Viwanda vikafungwa. Mwaka 1984, palepale palipokuwa na kiwanda kimoja, ikafunguliwa Monterey Bay Aquarium, kwa mchango wa dola milioni 55 kutoka kwa familia ya Packard. Waliamua kuonyesha ghuba yao wenyewe, ile iliyo mlangoni. Maji wanayavuta kutoka ghubani. Mchana wanayachuja ili mgeni aone vizuri, usiku wanayaacha yaingie bila kuchujwa, na mayai na viumbe wadogo wanaingia nayo na kukua humo bila kualikwa na mtu. Mji uliomaliza samaki wake sasa unaishi kwa kuwaonyesha watu samaki. Na tiketi ni zaidi ya dola 50 kwa mtu mzima, lakini ziara za wanafunzi wa shule ni bure. Hapo ndipo wamepatia.

Sasa tuje kwenye mabishano, maana nawajua.

La kwanza: "Kufungia wanyama ni unyama." Hili nalichukulia serious, na nyie mnaolisema mko sawa nusu. Kuna wanyama hawafai tanki, kwisha. Papa shilingi asiguswe. Pomboo asiguswe. Nyangumi hata tusimtaje. Mwaka 2013 kulikuwa na mpango wa kukamata papa shilingi na kuwaweka ndani ya wavu baharini huko Waa, Kwale, ili watalii waogelee nao. Watu walipiga kelele kubwa, na walifanya vizuri. Mnyama anayesafiri maelfu ya kilomita humfungii kwenye uzio ukauita uhifadhi. Lakini mkunga anayekaa kwenye pango moja, kiti cha pweza, farasi wa bahari, samaki wadogo wa matumbawe? Hao wanaweza kuishi vizuri kwenye tanki kubwa lenye watu wanaojua kazi. Kwa hivyo sheria ya kwanza ya akwaria yetu iandikwe mlangoni: mnyama wa safari ndefu haingii, isipokuwa mgonjwa anayetibiwa arudi.

Na hilo la kutibu tayari tunalijua. Watamu kuna kituo cha Local Ocean Conservation. Mvuvi akimnasa kasa kwenye wavu kwa bahati mbaya, anawapigia simu, wanamchukua, anatibiwa kama ameumia, anarudi baharini. Wavuvi wenyewe ndio wanaopiga simu. Mnaosema Mswahili hajali mazingira, nendeni mkaone.

La pili: "Watu hawana unga, wewe unataka nyumba ya samaki." Hili nalijua, mimi pia nanunua unga. Lakini angalieni tunavyofanya kwenye mbuga. Mgeni analipa dola, mwananchi analipa kidogo, na hakuna anayesema tufunge Nairobi National Park mpaka unga ushuke. Akwaria ni kazi: mafundi wa pampu, wazamiaji, madaktari wa wanyama, walimu, wachoraji, wapishi. Na watu wa kuanza nao wapo. KMFRI, taasisi yetu ya utafiti wa bahari na uvuvi, makao yake yako Mombasa, na imekuwepo tangu 1979. Watu wamesoma bahari hii miaka zaidi ya arobaini. Tatizo ni kwamba wanachokijua kinakaa kwenye ripoti, na ripoti haina dirisha la mtoto kubandika pua.

La tatu, na hili ndilo linanitisha mimi mwenyewe: "Wataiba." Ndio, wanaweza. Watatenga ardhi ya ufukwe, watajenga ukuta, watafungua mkahawa wa VIP na akwaria itabaki kwenye mchoro. Kwa hivyo tusiombe jumba la marumaru. Tuangalie nani tayari anafanya kwa kidogo na anafanikiwa. Kisiwa cha Wasini, akina mama walijenga njia ya mbao juu ya bustani ya matumbawe ya kale, mgeni analipa kidogo na anatembezwa. Gazi, wanakijiji wa Mikoko Pamoja wanalinda mikoko na kuuza hewa ukaa tangu 2013, na pesa inarudi kwenye maji na shule. Kuruwitu, wavuvi wenyewe walikaa chini wakafunga kipande cha bahari yao ili samaki warudi. Hao hawakungoja waziri. Akwaria ya umma ikijengwa, wawe ndani ya bodi, wenye kura, si wa kucheza ngoma siku ya kukata utepe.

Na waelekezi wawe nani? Wazee wavuvi. Mama karanga ambaye amekaanga samaki wa kila aina na anamjua mmoja mmoja kwa magamba. Kijana aliyesomea biolojia ya bahari Pwani University na sasa anauza laini za simu. Weka mzee mvuvi mbele ya tanki, mpe kipaza sauti, amweleze mtoto wa Eastleigh kwa nini pweza anavuliwa maji yakiwa yametoka. Hakuna video ya intaneti itakayomshinda.

Sasa kwa nini nashupaa hivi juu ya samaki?

Kwa sababu bahari inaamuliwa bila sisi. Mwaka 2019 mahakama ya mazingira ilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe Lamu. Watu wa Lamu walipigana miaka na miaka kwa hiyo. Mwaka 2024 wakazi wa Uyombo, Kilifi, waliandamana kupinga mtambo wa nyuklia karibu na maji yao, na polisi wakawakabili. Usiniambie wewe ulikuwa upande gani wa nyuklia, hiyo ni mada ya siku nyingine. Niambie kama ulijua Uyombo iko wapi. Niambie kama ulijua pale jirani kuna Mida Creek na hifadhi ya Watamu, mojawapo ya hifadhi za kwanza za bahari Afrika, iliyoanzishwa 1968 pamoja na ile ya Malindi. Mtu akitishia kuweka barabara ndani ya Nairobi National Park, mtandao unawaka, kwa sababu sote tulishaenda pale na sare za shule tukamwona twiga. Kwa Uyombo wengi tulipitisha kidole tu, tukaendelea na video inayofuata.

Mwaka 1998 maji ya Bahari Hindi yalipata joto kupita kiasi na matumbawe mengi ya Kenya yakapauka, yakafa. Hiyo ni kama msitu mzima kukauka mwaka mmoja. Kama ingekuwa Karura, tungekuwa na kumbukumbu, sherehe, nyimbo. Lakini ilikuwa chini ya maji, na chini ya maji hakuna aliyetupeleka. Yatapauka tena, joto halijaisha. Swali ni kama safari hii kutakuwa na kizazi chenye uchungu nayo.

Sisi ndio hicho kizazi. Uchungu hautoki kwenye hotuba, unatoka kwa kuangaliana na kiumbe. Ukishamwona mkunga akifungua mdomo sentimita kumi kutoka puani mwako, huwezi tena kuambiwa bahari ni maji tu.

Kwa hivyo kazi ya nyumbani, na sitaki likes, nataka majibu. Moja: mwandikie MCA wako, au mwakilishi wako wa kike, au yeyote uliyempigia kura, swali moja: wanafunzi wa kaunti yetu wamepelekwa mara ngapi kwenye hifadhi ya bahari? Piga picha ya jibu, uniletee. Hata kama jibu ni kimya, kimya pia kinapigwa picha. Mbili: ukienda Pwani Disemba hii, usiishie ufukweni. Changeni nyinyi wanne, mkodi mashua ya mzee wa pale, mlipe vizuri bila kumbana bei, mwende kwenye matumbawe, na kabla ya kutoa simu muulizeni jina la kila samaki. Andikeni. Tatu: wa Pwani mlioko hapa, andikeni chini majina ya samaki wa kwenu, na sisi wa bara tutanyamaza tusome.

Na wewe uliye Dubai sasa hivi mbele ya kile kioo: piga picha, furahia, hustahili kutukanwa. Yule mnene aliyepita ni chewa. Ukirudi, teremka hadi Mombasa, nitakuonyesha ndugu zake.